Kupanga folda za pamoja kwa DFS: mti wa kikoa au wa seva moja, nakala moja au nyingi

Anayetaka kupanga folda za pamoja za ofisi kwa DFS (Distributed File System) ya Windows Server hukuta jina moja limebeba huduma mbili, na maamuzi mengi mabaya huanzia hapo. Huduma ya kwanza, DFS Namespaces, inashughulika na majina peke yake: hukusanya folda zilizotawanyika kwenye seva mbalimbali na kuzionyesha kwa mtumiaji kama mti mmoja, bila kuhamisha wala kunakili faili hata moja. Huduma ya pili, DFS Replication, ambayo wasimamizi wa mitandao huiita DFSR, haijali majina. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa folda iliyo kwenye seva moja ina nakala inayolingana nayo kwenye seva nyingine. Huduma hizi hazitegemeani. Unaweza kuwa na mti wa majina usio na nakala yoyote, na unaweza kurudufisha folda kati ya seva mbili ambazo hazimo katika mti wowote.

Kwa sababu hiyo, kuuliza tu kama ofisi itumie DFS au isitumie hakumsaidii anayechagua. Maswali yako matatu na yanajibiwa kwa mfuatano: je, watumiaji waendelee kufuata majina ya seva au wapewe mti wa majina, kama ni mti, uhifadhiwe kwenye kikoa (mkusanyiko wa kompyuta na watumiaji unaosimamiwa kwa pamoja) au kwenye seva moja, na kila folda iliyomo iwe na nakala moja inayotumika au zaidi. Msimamo wangu, nitakaoutetea hapa chini, ni kwamba ofisi yenye kikoa ijibu swali la kwanza kwa mti wa majina, la pili kwa kikoa, na la tatu kwa nakala moja, mpaka ijitokeze sababu mahususi ya kuongeza ya pili.

Jina la seva au mti wa majina

Katika mpangilio uliozoeleka, herufi ya diski, tuseme S, huelekezwa moja kwa moja kwenye \\SEVA1\Fedha. Mpangilio huu una sifa ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni uwazi: folda isipofunguka, msimamizi anajua papo hapo ni seva gani ya kuangalia, na hakuna huduma ya kati inayoweza kuharibika. Ofisi yenye seva moja ya faili, isiyotarajia kuongeza nyingine wala kuhama, haina dhambi ikibaki hapo.

Ugumu hujitokeza siku SEVA1 inapozeeka na data kulazimika kuhamia SEVA2. Herufi za diski ni sehemu rahisi, kwa kuwa hubadilishwa mara moja kupitia sera ya kikundi (Group Policy). Kinachosumbua ni jina la seva lililojificha kwingine: lahajedwali moja inayovuta takwimu kutoka nyingine, hati zenye viungo ndani yake, njia za mkato ambazo kila mtu amejitengenezea, mashine za kuskani zinazotuma hati kwenye folda, na hati-amri za usiku ambazo aliyeziandika alishaondoka. Wazo la kutenganisha jina la faili na mahali ilipo ni la zamani kuliko Windows yenyewe. Andrew File System ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilikuwa na mti mmoja wa majina kwa watumiaji wote tangu miaka ya 1980. Microsoft ilileta DFS kama nyongeza ya Windows NT 4.0, na kuanzia Windows 2000 ikawa sehemu ya mfumo.

Inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea mtumiaji anapofungua \\mfano.local\Data\Fedha. Kompyuta yake huuliza kwanza kidhibiti cha kikoa, yaani seva inayosimamia kikoa, ni seva zipi zinazoshikilia mzizi, yaani kilele cha mti, uitwao Data, na kupewa orodha. Kisha huuliza mojawapo ya seva hizo folda ya Fedha iko wapi, na kupewa orodha ya pili yenye folda lengwa, yaani folda shirikishi halisi kama \\SEVA2\Fedha$. Baada ya hapo huwasiliana na SEVA2 yenyewe kwa SMB, itifaki ya Windows ya kushirikisha faili, na seva ya mzizi haihusiki tena. Majibu hayo huwekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya mtumiaji kwa muda, ambao kwa mpangilio wa awali ni sekunde 300 kwa mzizi na sekunde 1800 kwa folda, kisha huulizwa upya.

Yako mambo mawili ya kuzingatia hapo. Kwanza, data haipiti kwenye seva ya mzizi, hivyo seva hiyo haihitaji nguvu wala diski kubwa, na hofu kwamba mti utapunguza kasi ya kufungua faili haina msingi. Pili, sasa kufungua folda kunategemea DNS (huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani), kidhibiti cha kikoa na huduma ya DFS kwa pamoja, na mojawapo ikiyumba, mtumiaji ataripoti tu kwamba folda haifunguki. Gharama ya mti ni hiyo. Msimamizi anayeukubali anapaswa kuzoea kuangalia kichupo cha DFS kwenye sifa za folda, kinachoonyesha ni seva ipi inayotumika kwa wakati huo, kabla ya kuilaumu seva ya faili.

Mti wa kikoa au mti wa seva moja

Mti wa kikoa huhifadhi mpangilio wake ndani ya Active Directory, saraka ya Microsoft inayotunza taarifa za kikoa, na njia yake huanza na jina la kikoa. Kwa kuwa mpangilio uko kwenye kikoa, seva kadhaa zinaweza kushikilia mzizi uleule, na mojawapo ikizimika, kompyuta za watumiaji huendelea na iliyobaki bila mtu kufanya lolote. Mti wa seva moja huhifadhi mpangilio wake kwenye rejista ya Windows ya seva hiyo, njia yake huanza na jina la seva, na njia ya kuulinda dhidi ya kuharibika kwa mashine ni kuuweka kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Kwa anayekimbia utegemezi wa jina la seva, mti wa aina ya pili unamrudisha nusu ya safari: folda zimepata uhuru, lakini mzizi bado umefungwa kwa mashine moja.

Zamani kulikuwa na sababu ya ukubwa ya kuchagua mti wa seva moja. Mti wa kikoa wa mtindo wa Windows 2000 huhifadhiwa kama kitu kimoja ndani ya Active Directory, kiasi kwamba badiliko dogo la folda moja huandika upya mti mzima, na pendekezo lilikuwa usizidi takriban folda 5,000 zenye folda lengwa. Mtindo wa Windows Server 2008 uliondoa kikwazo hicho na kuongeza uwezo wa kumficha mtumiaji folda asizoruhusiwa kuziona. Masharti yake ni kwamba msitu (kundi la vikoa vilivyounganishwa) uwe angalau katika kiwango cha Windows Server 2003 na kikoa katika kiwango cha Windows Server 2008, masharti ambayo kikoa chochote kinachotunzwa vizuri kimeshayatimiza. Anayeunda mti mpya leo hana sababu ya kuchagua mtindo wa zamani. Aliyeurithi mti wa zamani atapaswa kuusafirisha kwa amri ya dfsutil kwenda kwenye faili, kuufuta, kuuunda upya na kuuingiza tena; kazi hiyo si ndefu, ila ifanyike wakati watu hawapo kazini, kwa kuwa kati ya kuufuta na kuurudisha hakuna mti.

Hata hivyo mti wa seva moja una nafasi zake halali. Mahali pasipo na Active Directory hakuna chaguo jingine. Seva za Samba, programu huria inayotoa folda za pamoja za mtindo wa Windows kwenye Linux, nazo hufanya kazi hii kwa urahisi wa kupendeza: folda shirikishi hupewa mpangilio wa msdfs root, na kila tawi la mti huwa ni kiungo cha kawaida cha mfumo wa faili kinachoanza na neno msdfs, likifuatiwa na jina la seva na folda. Nafasi ya tatu haifahamiki na wengi, ingawa ina thamani kubwa wakati wa kuhama. Seva ya DFS inaweza kurithi jina la seva iliyostaafu, kwa kuunda mzizi wa seva moja ambao jina lake ni la seva ya zamani likitanguliwa na alama ya #, kuwasha mpangilio husika kwenye rejista, na kulielekeza jina la zamani kwenye seva hiyo kupitia DNS. Lahajedwali zote zilizoandikwa \\SEVA1 ndani yake huendelea kufunguka. Ninachopendekeza ni kuzitumia aina zote mbili kwa wakati mmoja: mti wa kikoa uwe ndio rasmi, na mti wa kurithi jina uwepo kwa ajili ya viungo vya zamani, ukiwa na tarehe ya kuzimwa inayojulikana.

Kwa mti wa kikoa yapo mambo mawili madogo yanayofaa kuwekwa sawa mapema. Seva za mzizi huangalia mabadiliko kwenye kidhibiti cha kikoa kinachobeba jukumu la PDC, yaani kidhibiti kikuu. Ikiwa seva za mzizi zinazidi 16, mti uwekwe kwenye hali ya ukubwa, ambapo kila seva huuliza kidhibiti kilicho karibu nayo, kwa gharama ya mabadiliko kuchelewa kidogo kufika kila mahali. Aidha, kwa mpangilio wa awali DFS hutoa majina mafupi ya seva bila jina la kikoa, jambo linalowakwamisha watumiaji walio kwenye kikoa kingine au wanaoingia kutoka mbali. Mpangilio wa kutumia majina kamili upo kwenye amri ya Set-DfsnServerConfiguration, na ni bora uwashwe kabla ya mizizi kuundwa.

Umbo la mti: kwa tawi au kwa kazi

Wengi hupanga mti kwa kufuata ramani ya matawi ya ofisi, kila tawi na folda yake, na chini yake fedha, utumishi, mauzo na kadhalika. Mpangilio huu ni rahisi kuuanzisha kwa sababu unafanana na jinsi seva zilivyo, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Tawi likifungwa, au idara ikihamishiwa makao makuu, jina la njia linakuwa la uongo, na faida yote ya kutenganisha jina na mahali imepotea. Mti unaofuata kazi, ambao \\mfano.local\Data\Fedha hubaki hivyo popote faili zilipo, hudumu zaidi. Pale ambapo kila tawi kweli lina hati zake zisizohusu wengine, jina la tawi liingie chini ya jina la kazi, lisitangulie.

Kina cha mti nacho kina mipaka yake. Folda ya DFS yenye folda lengwa haiwezi kuwa na folda nyingine ya DFS chini yake. Kuanzia hapo kwenda chini ni folda za kawaida za diski. Kipimo ninachokiona kinafaa ni kuuliza kama kipande hiki cha data kinaweza siku moja kuhamia seva tofauti na vipande jirani. Kikiweza, kistahiki folda yake ya DFS. Kisipoweza, kibaki kuwa folda ya kawaida, kwa maana mti wenye mamia ya viunganishi ambavyo vyote vinaelekea seva ileile ni mzigo wa kutunza usio na malipo.

Faili zisihifadhiwe kwenye mzizi wenyewe. Kila seva ya mzizi ina folda yake, kwa kawaida ndani ya C:\DFSRoots, na faili iliyowekwa hapo inaonekana kwa waliofika kwenye seva hiyo tu. Kesho yake mtumiaji yuleyule akipelekwa kwenye seva nyingine, faili haipo, na msimamizi anaanza kutafuta mwizi asiyekuwepo. Dawa ni kuondoa ruhusa ya kuandika kwenye mizizi yote tangu mwanzo.

Kuhusu herufi za diski, kuelekeza herufi moja kwenye mzizi ni nadhifu kuliko kutoa herufi kwa kila folda, ila ifahamike kwamba nafasi iliyobaki inayoonyeshwa kwenye herufi hiyo ni ya diski ya seva ya mzizi, wala si ya seva zilizo na data. Mtu anaweza kuona nafasi ndogo wakati seva ya faili ina nafasi tele, au kinyume chake.

Nakala moja au zaidi

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo watu wanapoharakisha. Dirisha la kuunda folda ya DFS linaruhusu kuongeza folda lengwa ya pili kwa mibonyezo michache, na kisha hujitolea kuunda kikundi cha urudufishaji. Inaonekana kama zawadi: watumiaji wa kila tawi watapata seva ya karibu, na moja ikifa nyingine ipo. Ikumbukwe kwamba DFS Namespaces yenyewe haikagui kama folda lengwa mbili zina vitu vilevile. Usipowasha urudufishaji, watu wawili wanaofungua njia ileile wanaweza kuwa wanaangalia folda mbili zisizojuana.

Ukiwasha DFSR, huduma hiyo hufuatilia jarida la mabadiliko la NTFS, mfumo wa kawaida wa faili wa Windows, hivyo haifanyi kazi kwenye diski za ReFS, mfumo mwingine wa faili wa Microsoft, na hupeleka faili baada ya kufungwa, wala si inapoendelea kuandikwa. Iliingia kwenye Windows Server 2003 R2 kuchukua nafasi ya FRS, huduma ya zamani ya urudufishaji, na tofauti iliyowavutia watu ni kwamba faili kubwa ikibadilika sehemu ndogo, hupelekwa sehemu hiyo tu. Mbinu hiyo hutumika kwa faili za kuanzia kilobaiti 64. Kila mshiriki anaweza kuandika, na mabadiliko huenda pande zote.

Tuchukue lahajedwali moja ya bajeti iliyo kwenye folda yenye nakala mbili hai. Mhasibu wa tawi la kwanza anaifungua kwenye seva yake saa tatu asubuhi. Mwenzake wa tawi la pili anaifungua dakika tano baadaye kwenye seva ya kwao. Kwenye seva moja, wa pili angeambiwa kwamba faili inatumiwa na mwingine, kwa sababu kufuli ya faili iko kwenye seva. Lakini DFSR hairudufishi kufuli. Hata ile faili ndogo iliyofichwa inayoanza na alama za ~$, ambayo programu za Office huiunda kuonyesha nani ameifungua hati, haivuki, kwa kuwa kichujio cha awali cha DFSR huacha majina yote yanayoanza na ~, pamoja na faili za .bak na .tmp. Wote wawili wanafanya kazi, wote wawili wanahifadhi, na aliyehifadhi mwisho ndiye anayeshinda. Kazi ya mwingine huhamishiwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo ConflictAndDeleted, ambayo ina kikomo cha ukubwa na hujisafisha ikikaribia kujaa. Hakuna ujumbe wowote unaomfikia aliyeshindwa. Atagundua siku nyingine, na atasema kwamba mfumo umemfutia kazi yake.

Ndiyo maana nakala mbili hai zinafaa kwa data inayosomwa zaidi kuliko kuandikwa: vifurushi vya kusakinisha programu, violezo vya hati, miongozo ya kazi, picha na maumbo yanayotolewa sehemu moja na kutumiwa kila mahali. Kwa hizo DFSR ni chombo bora, na sijui sababu ya kutafuta kingine. Matumizi ya pili yanayokubalika ni kukusanya: kila tawi linaandika kwenye seva yake, na DFSR inaleta nakala makao makuu ambako nakala za akiba huchukuliwa, bila mtu yeyote wa makao makuu kuandika kwenye nakala hizo. Kwa hati za idara zinazohaririwa na watu wa matawi mawili, na kwa wasifu wa watumiaji na folda zao binafsi, nakala hai iwe moja. Microsoft yenyewe haitoi msaada kwa wasifu wa watumiaji wenye folda lengwa zaidi ya moja inayotumika kwa wakati mmoja.

Baina ya nakala moja tu na nakala mbili hai kuna njia ya kati: DFSR inaendelea kurudufisha, lakini watumiaji wote wanaelekezwa upande mmoja. Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni kuiacha folda lengwa ya pili ikiwa hai huku ikipewa kipaumbele cha mwisho, ili itumike yenyewe pale ya kwanza isipojibu. Ya pili ni kuizima kabisa kwenye orodha, ili iwashwe na msimamizi kwa mkono. Ya kwanza inavutia kwa kuwa haihitaji mtu kuamka usiku, lakini mtandao ukikatika kwa dakika mbili, baadhi ya watumiaji watahamia nakala na wengine watabaki, na hapo tumerudi kwenye lahajedwali yetu ya bajeti. Kwa hati za kazi nachagua ya pili bila kusita. Dakika ishirini za kusubiri msimamizi ni nafuu kuliko juma zima la kutafuta matoleo yaliyopotea.

Anayeitumia njia hiyo afuatilie foleni ya faili ambazo bado hazijavuka, kwa amri ya Get-DfsrBacklog. Seva kuu ikiharibika ghafla, faili zilizokuwa kwenye foleni hazimo kwenye nakala, na ni bora kulijua hilo kabla ya kuwaambia watu waendelee na kazi. Eneo la matayarisho, yaani mahali DFSR inapoandaa faili kabla ya kuzituma, ambalo kwa mpangilio wa awali ni gigabaiti 4, ndilo linalosababisha foleni nyingi zisizoeleweka. Kanuni inayotumika ni kwamba eneo hilo litoshe faili 32 zilizo kubwa kuliko zote ndani ya folda. Folda ya michoro au video italihitaji liongezwe mara nyingi.

Wakati wa kuanza, mshiriki mmoja hutajwa kuwa wa msingi, na toleo lake ndilo linaloheshimiwa. Faili zilizopo kwa mwingine na zisizokuwepo kwa wa msingi huondolewa mahali pake na kuwekwa kwenye folda iitwayo PreExisting. Kumtaja asiyefaa kuwa wa msingi ni njia ya haraka ya kuifanya folda iliyojaa ionekane tupu. Vilevile mshiriki aliyekatika mawasiliano kwa zaidi ya siku 60 hukataliwa kurudi kwa mpangilio wa awali wa seva za karibuni, ili asilete data iliyochakaa. Kwa upande wa ukubwa, Windows Server 2012 R2 ilijaribiwa hadi terabaiti 100 kwa seva, faili milioni 70 kwa diski, na faili moja ya gigabaiti 250, hivyo ni nadra ofisi ya kawaida kukwama hapo.

Ikiwa nakala hai zitakuwa zaidi ya moja, mgawanyo wa watumiaji hutegemea saiti za Active Directory, yaani maeneo ya mtandao yaliyosajiliwa humo. Mtandao mdogo wa tawi usiposajiliwa kwenye saiti yake, DFS haijui kompyuta zake ziko wapi, na watu wa tawi hilo wanaweza kufungua faili kutoka seva ya mbali huku seva yao ikikaa bure chumba cha pili. Kabla ya kulalamikia kasi ya DFS, kagua usajili huo kwanza.

DFSR na njia nyingine za kupata nakala

Tuseme umeamua kwamba nakala ya pili inahitajika. Bado si lazima itengenezwe na DFSR. Robocopy ya kila usiku, yaani amri ya Windows ya kunakili folda, ingawa inadharauliwa, ina faida moja kubwa kwa nakala ya kusubiri: kosa la saa nne asubuhi halijafika upande wa pili mpaka usiku. DFSR hupeleka ufutaji kwa bidii ileile inayopeleka marekebisho, na faili zilizosimbwa na programu hasidi huzipeleka vilevile. Hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua nafasi ya nakala ya akiba iliyohifadhiwa mbali na seva zenyewe.

Storage Replica, iliyoanza na Windows Server 2016, hurudufisha diski nzima katika kiwango cha chini ya faili, na inaweza kufanya hivyo kwa wakati uleule data inapoandikwa. Faili zilizofunguliwa hazina kusubiri kufungwa, na hakuna mgongano kwa sababu diski ya upande wa pili haifunguki mpaka zamu yake ifike. Kwa hifadhidata na mashine pepe, ambazo faili zake hazifungwi kamwe, DFSR haifai na hii inafaa. Vikwazo vyake ni leseni: toleo la Datacenter huipata yote, ilhali toleo la Standard kuanzia 2019 linaruhusu ushirika mmoja wa diski moja isiyozidi terabaiti 2. Klasta yenye diski ya pamoja, kwa upande wake, hulinda dhidi ya kufa kwa mashine, wala si dhidi ya kupotea kwa jengo.

Azure File Sync huchukua mkondo mwingine: nakala kuu iko kwenye Azure, wingu la Microsoft, na seva za ofisi hubaki na faili zinazotumika mara kwa mara huku nyingine zikiachwa kama majina matupu yanayoitwa kutoka wingu zinapofunguliwa. Migongano huishughulikia kwa heshima zaidi, kwa kuhifadhi matoleo yote mawili pale pale ndani ya folda, moja likiongezewa jina la seva, ili mwenye kazi aone mwenyewe kilichotokea. Lakini nayo haina kufuli inayovuka seva, hivyo tatizo la watu wawili kwenye hati moja limepungua makali tu. Inahitaji pia intaneti ya kutegemewa na malipo ya kila mwezi yanayokua kadiri data inavyokua, na penye intaneti ya kukatikakatika, mtumiaji aliyebofya faili ambayo imeachwa wingu atasubiri mpaka kompyuta ikate tamaa.

Mti wa majina hukaa juu ya njia hizi zote, na kubadilisha njia kunakuwa ni kubadilisha folda lengwa tu. Utaratibu wa kuhama ni kuongeza folda lengwa mpya ikiwa imezimwa, kunakili data, kuwazuia watu kuandika kwa muda mfupi wakati wa unakili wa mwisho, kisha kuiwasha mpya na kuizima ya zamani kwenye orodha. Kompyuta za watumiaji hazitahama papo hapo, kwa kuwa jibu la zamani bado liko kwenye kumbukumbu zao hadi dakika 30, na aliyeacha faili wazi anaweza kubaki upande wa zamani kwa muda mrefu zaidi ya huo. Folda shirikishi ya zamani iachwe katika hali ya kusomwa tu, na isiondolewe mpaka orodha ya faili zilizofunguliwa kwenye seva hiyo iwe tupu.